Umbea uliovaa kanzu ya huruma

Mtu akija na donge moyoni, tunamdaka na swali letu: "Ehe, ilikuwaje?" Kisha tunamchimba. Alisema nini, saa ngapi, nani alikuwepo. Tunaamini kisa kikishajulikana chote, dawa itajileta. Mimi nauita umbea tu, hata ukivaa kanzu ya huruma.

Majuzi tulikaa kikao cha ndugu. Binti yetu alikuwa na malalamiko juu ya mumewe. Shangazi yake, dada yangu mkubwa ninayemheshimu, aliendesha kesi kama hakimu: pesa ya matumizi aliacha kiasi gani? Simu alipokea nani? Binti akajibu yote, makavu. Ila kila mama mkwe alipotajwa, alisokota pindo la kanga kidoleni na sauti ikazama. Nililiona, nikalipita. Tulimpa mawaidha, tukanywa chai, akaondoka na donge lake.

Lugha nayo imetuponza. Huduma yenyewe tumeibatiza "ushauri nasaha": ushauri mara mbili, kusikiliza hakumo hata mara moja.

Lakini wapo wanaosikiliza. Kule Harare, Zimbabwe, mtaa wa Mbare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza huduma ya kuwasikiliza wenye donge moyoni, akiwa na bibi 14 na mabenchi nje ya kliniki. Bibi, ambaye maisha yake yote kazi yake ni kuonya, anafundishwa kuuma ulimi. Mgeni ndiye anayetaja yanayomsumbua, achague la kuanza nalo, atafute njia. Bibi anauliza na kushikilia mwendo. Hatua ya kwanza kwa Kishona ni kuvhura pfungwa, kufungua akili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwakuta walioketi benchini na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na bibi hao si wasomi wa saikolojia.

Mtanijibu: aliyepigwa naye asikilizwe tu? Hapana, huyo apelekwe hospitali na polisi leo hii. Asiyejua dawa zinatolewa wapi aelekezwe. Lakini wengi wanaotujia wameshaambiwa kila kitu na mama, na shehe, na jirani wa mlango wa pili. Wanakuja wakiwa wameshiba nasaha.

Juzi binti kanipigia. Nikamwambia, "Siku ile kila alipotajwa mkweo ulikuwa unasokota kanga."

"Baba mdogo, uliona?"

Akanyamaza hata nikadhani salio limekwisha. Ulimi ukaniwasha. Nikauuma.