Kaunta Imehamia Saiba

Kila mwaka Juni ikielekea ukingoni, saiba (maduka ya intaneti) za mtaa wa Tuwan mjini Kitale hazina pa kukaa. Wengi wanaopanga foleni humo ni vijana wasio na ajira, na wamekuja kuiambia Mamlaka ya Mapato (KRA) kwamba mwaka uliopita hawakupata kitu. Sheria inamtaka kila mwenye PIN, nambari ya mlipa kodi, awasilishe ritani ifikapo tarehe 30 Juni, awe na mapato asiwe nayo, na anayechelewa anajiweka katika hatari ya faini ya shilingi 2,000. Kuwasilisha ritani ya sufuri ni bure kwa serikali. Kwa mhudumu wa saiba si bure. Basi asiye na kipato analipia kutangaza kwamba hana kipato, anapewa karatasi iliyopigwa chapa, anaenda zake hadi mwaka ujao.

Toleo hili linahusu serikali mtandao, na msimamo wetu tunauweka mezani mapema. Serikali ina sababu nzuri za kuhamishia huduma zake mtandaoni. Kosa lake ni kwamba ilipohama iliacha kazi ya karani nyuma, na kazi hiyo imeokotwa na mtu isiyemwajiri, isiyemfunza na isiyemjua.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Waliozeeka wakitafuta huduma katika ofisi za Kitale na Bungoma wanaijua lugha ya zamani: njoo kesho, faili haionekani, mkubwa ametoka kidogo. Faili iliyopotea asubuhi ilipatikana mchana mara tu kitu kidogo kilipopita chini ya meza. Vituo vya Huduma, vinavyokusanya huduma za serikali mahali pamoja, vilipoanza Novemba 2013, na mwaka uliofuata tovuti ya huduma za serikali ya eCitizen ikafunguliwa, mwananchi wa kawaida alipumua. Ada ilijulikana, risiti ilikuja kwenye simu, na karani hakuwa na faili la kuficha. Mwaka 2015 mpango wa Huduma ulitunukiwa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma, na ulistahili.

Lakini kupunguza hongo ni sababu moja tu, na pengine si ile iliyosukuma kwa nguvu zaidi. Iliyosukuma ni pesa. Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, chini ya jina la Gava Mkononi, na baadaye mwaka huo idara zikaamriwa zikusanye ada zao kwa nambari moja ya malipo, 222222. Hapo awali kila idara ilikuwa na akaunti zake, na Hazina ya Taifa ilipata kilichosalia. Shilingi ikipita mlango mmoja, wa kuihesabu anaiona. Tanzania imepita njia hiyohiyo kwa mfumo wake wa malipo ya serikali wa GePG, ambao huipa kila ankara namba yake ya kulipia. Rwanda nayo ina Irembo tangu 2015. Na Wakenya walikuwa tayari. M-Pesa ilianza 2007, na mama mboga aliyezoea kupokea pesa kwa simu hakuhitaji semina kuelewa kwamba hata ada ya serikali inaweza kulipwa hivyo.

Sababu ya tatu ni kutaka kumjua mwananchi: ni nani, yuko wapi, anamiliki nini, anadai nini. Kwetu hapa, palipo ghala la mahindi la nchi, sababu hiyo inaonekana vizuri zaidi katika mbolea ya ruzuku. Miaka ya nyuma mbolea ya bei nafuu ilikuwa ikiishia kwa wenye malori, nao wakaiuza dukani kwa bei ya soko. Tangu mkulima aanze kuandikishwa kwenye sajili ya kidijitali, hupokea ujumbe wa simu unaomwambia ana haki ya magunia mangapi, naye huenda nao hadi kwenye bohari ya Bodi ya Nafaka. Gunia la kilo 50 limeuzwa kwa shilingi 2,500 tangu 2023, na wakulima wadogo wengi ambao hawakuwahi kuiona mbolea hiyo wameipata. Hayo ni maendeleo, na hatuyabezi.

Tazama sasa panapovuja. Mzee aliyeandikishwa kwa nambari ya simu ya mwanawe aliyeko Nairobi hupokea ujumbe wake kupitia mwanawe, kama mwana atakumbuka kuutuma. Mjane ambaye shamba bado liko kwa jina la marehemu hubaki akieleza. Halafu mapema mwaka 2024 ikabainika kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa ndani ya mpango huohuo wa ruzuku hayakuwa na mbolea halisi. Sajili ilikuwa sahihi, ujumbe ulifika, malipo yalipita, na aliyedanganywa akawa mkulima. Mtambo ulihesabu magunia. Kujua kilichomo ndani ni kazi ya mkaguzi, na mkaguzi ni mtu.

Turudi kwa huyu mtu wa saiba, kwa maana ndiye serikali ambayo wengi wetu tunakutana nayo. Ukutani pake kumebandikwa karatasi: KRA, NTSA, HELB, SHA, cheti cha tabia njema, kopi, picha za pasipoti. Mezani kuna daftari nene lenye jalada gumu. Ndani mna majina, nambari za vitambulisho, PIN, na nywila za wateja zilizoandikwa kwa kalamu. Nywila nyingi zinafanana kwa kuwa aliyezitunga ni yeye. Mteja hafunguliwi tu akaunti ya eCitizen. Hufunguliwa hata barua pepe ambayo baadaye hawezi kuifungua mwenyewe. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na daftari lile linakaa mezani karibu na mashine ya kopi.

Hatumlaumu kijana huyu. Wengi wao ni waaminifu, na bila wao mitaa kama Tuwan ingekuwa imefungiwa nje ya serikali yake yenyewe. Sensa ya 2019 ilikuta kwamba miongoni mwa Wakenya wa umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 22.6 tu ndio waliotumia intaneti, na waliotumia kompyuta walikuwa asilimia 10.4. Simu janja zimeongezeka tangu hapo, lakini mwenye mulika mwizi bado yupo, mwenye simu nzuri asiye na bando yupo, na huko Kapsokwony na Endebess wapo wanaotafuta mtandao kwa kupanda kilima. Wote hao kaunta yao ni saiba. Dalali wa zamani alisimama nje ya ofisi ya serikali. Wa sasa ana leseni ya biashara na bei yake anaipanga mwenyewe.

Lipo pia suala la kuweka mayai yote kapu moja. Julai 2023, mwezi haujaisha tangu uzinduzi, eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi na huduma zikayumba kwa siku kadhaa, hata wageni waliokwama bila viza za mtandaoni ikabidi wapewe viza wakishafika nchini. Mlango ukiwa mmoja, ukikwama umekwama kwa wote. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye ameuliza maswali kuhusu ni kiasi gani serikali yenyewe inaudhibiti mfumo huo unaobeba mabilioni ya umma.

Na kasi imekuwa ikiitangulia sheria. Huduma Namba, mpango wa nambari moja ya utambulisho, ilisajili mamilioni ya watu mwaka 2019. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha utoaji wa kadi zake kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikuwa zimetathminiwa kwanza. Mapema 2024 Wizara ya Elimu ikaagiza karo za shule za kitaifa zilipwe kupitia eCitizen. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikalifuta agizo hilo, na ada ya shilingi 50 iliyotozwa kwa kila malipo ikaonekana haina sheria inayoibeba. Mara zote mbili mtambo ulijengwa kwanza, mwananchi akaulizwa baadaye, tena na jaji.

Tunapendekeza nini? Kwanza, serikali ijifunze kwa Estonia. Nchi hiyo ndogo iliunganisha hifadhi za data za idara zake tangu 2001, na kanuni yake ni kwamba mwananchi haombwi mara ya pili taarifa ambayo serikali tayari inayo. Kwetu mtu hupiga picha kitambulisho alichopewa na serikali ili akipeleke kwa serikali. Tukiacha hilo tu, safari za saiba zitapungua.

Pili, kila huduma ya lazima ifanye kazi kwenye simu isiyo na intaneti, na kwa Kiswahili. Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, ilhali kurasa nyingi za serikali bado zinamsemesha mkulima wa Chwele kwa Kiingereza cha wanasheria.

Tatu, ahadi itimizwe. Mpango Mkuu wa Kidijitali wa 2022 hadi 2032 uliahidi vituo 1,450, kimoja kwa kila wadi nchini. Tuwan ni wadi. Kituo hicho kikiwa na watu wawili wanaolipwa mshahara, wanaojua mfumo na waliokula kiapo cha siri, daftari lile la nywila halitakuwa na kazi. Na hadi kifike, wenye saiba wasajiliwe, wafunzwe, bei zao zibandikwe wazi, na sheria ya data iwafikie kwa mafunzo kabla ya faini.

Nne, pale mtambo unapozima, pawepo karatasi, mhuri na ofisa mwenye mamlaka ya kuvitumia. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haraka, halali na ya haki. Hakisemi haki hiyo husimama stima zikipotea.

Msomaji wetu, mawili yako mikononi mwako leo. Kama nywila yako ilitungwa na mtu mwingine, ibadilishe kabla ya wiki hii kwisha. Na kaunti itakapoita kikao cha maoni ya bajeti, Kitale au Bungoma, nenda, usimame, uwaulize wawakilishi wako kwa jina la wadi yako: kituo chetu kiko wapi, na kitafunguliwa lini?