Bolti Yenye Kutu Haitaki Ubabe

Katika gereji zetu za Kamembe kuna ufundi wa akili na ufundi wa mabavu. Huu wa pili ndio ulioenea, nami naandika kuupinga. Utautambua pale fundi anapokutana na bolti ya ekzosi iliyoshikwa na kutu. Spana inaongezwa bomba la chuma ili iwe ndefu, vijana wawili wanavuta kwa pamoja, bolti inakatika. Kisha mwenye gari anaambiwa: "Mzee, bolti yako ilikuwa mbovu." Ilikuwa na kutu, kweli. Lakini nani aliyeikata?

Mjomba wangu ni dereva wa teksi kati ya Kamembe na Bugarama. Alipeleka gari abadilishiwe gasketi ya ekzosi, kazi ya asubuhi moja. Bolti mbili zikakatikia ndani ya silinda hedi. Gari likalala gereji siku nne, hedi ikafunguliwa, na gharama yote akalipa yeye, huku siku hizo nne hakuingiza hata faranga moja. Mabavu yana bei, na anayeilipa si fundi.

Tuanze na kumjua adui. Bolti ya ekzosi hupata moto mkali injini inapowaka, hupoa inapozimwa, miaka nenda miaka rudi. Moshi wa injini una mvuke wa maji ndani yake, na nje kuna mvua na tope. Chuma kikiliwa na kutu, kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Hujaa kwenye meno ya bolti na kuyabana. Tena Rwanda tunaendesha upande wa kulia, hivyo magari si haba hutujia yakiwa yametumika Ulaya, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Maji ya Ziwa Kivu si ya chumvi kama ya bahari, lakini bolti nyingi zimeionja chumvi kabla hazijafika kwetu.

Bolti ya namna hiyo hubembelezwa. Isuguliwe kwa brashi ya waya. Ipakwe mafuta ya kupenya ekzosi ikiwa imepoa, jioni ya kuamkia kazi ikiwezekana, na irudiwe asubuhi. Igongwe kichwani kwa nyundo ndogo ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia. Itumike soketi ya pembe sita inayokaa sawasawa, si spana iliyochakaa inayokula kichwa. Ikazwe kidogo kwanza, kisha ilegezwe. Ikigoma, irudishwe nyuma, iongezwe mafuta, ijaribiwe tena. Ikikataa kabisa, nati ipashwe moto itanuke, baada ya kufuta mafuta na kuhakikisha hakuna petroli karibu. Bolti mpya ipakwe grisi ya shaba inayostahimili joto, ili fundi ajaye asiteseke.

Najua jibu la mafundi: "Mteja ana haraka." Haraka ya mteja ni saa moja, bolti iliyokatika ni siku nne. Wengine husema vifaa ni ghali. Brashi ya waya na subira ni ghali? Wengine husema kukata ni sawa. Hapo nakubali nusu. Bolti inayounganisha mabomba mawili chini ya gari, yenye nati upande wa pili, ikatwe iwekwe mpya, hakuna hasara. Ile iliyozama ndani ya silinda hedi ya alumini haina nati ya kukata. Kuzichukulia bolti hizi mbili kama moja ndio ujinga ninaoupinga.

Kibaya zaidi ni wale wanaokata bolti kisha wakafunga ekzosi kwa zilizobaki. Gasketi huvuja, na moshi wa injini una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua abiria waliofunga vioo kwa sababu ya mvua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa huenda tukachimba kaburi.

Kuna mtakaouliza makala ya bolti inatafuta nini katika mkusanyiko wa wanafunzi wa Kiswahili. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi Rwanda mwaka 2017. Hapa Rusizi kilikuwa sokoni na gerejini zamani kabla ya sheria hiyo. Kijana anayejifunza ufundi anaamrishwa kwa Kiswahili, anakemewa kwa Kiswahili, lakini kitabu cha gari analolifungua kimeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Basi anamwiga aliyemtangulia, na aliyemtangulia anavuta kwa mabavu. Sisi tunakariri "subira huvuta heri" kwa ajili ya mtihani, wala hatujamwandikia kijana huyo ukurasa mmoja unaomweleza subira hiyo inafanywaje mbele ya bolti.

Nadai mambo mawili. Fundi amwambie mteja hatari ya bolti kabla ya kushika spana, wapatane nani atalipa ikikatika. Nasi wanafunzi, pamoja na wahadhiri wetu, twende gerejini na daftari, tuwasikilize mafundi wachache wa akili waliopo, tuyaandike wanayoyajua kwa lugha wanayoisema. Lugha rasmi isiyoweza kufungua bolti ina kazi gani Kamembe?