Mpira wa Matambara

Hapa Msalato, baada ya sala ya alasiri, wavulana wa chuo chetu hucheza chandimu kwa mpira wa matambara, na wasichana hucheza rede: wawili hurushiana mpira, naye wa kati huukwepa huku akijaza mchanga chupani.

Siku moja tulikuta michezo hiyo miwili imefanywa mmoja. Mwenzao asiyeweza kukimbia kwa ulemavu wa mguu alikuwa ameketi katikati ya uwanja na chupa yake, na mpira ukampiga kifuani. Tuliunyang'anya, tukidhani anaonewa. Kumbe aliyelia ni yeye! Sheria aliitunga mwenyewe: chupa ikijaa, mchezo umekwisha, mpira ukimgusa, humwaga mchanga akaanza upya. Wanaoongoza kwa magoli humkinga, na waliofungwa humlenga.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifunza katika Ihyaa kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mwema, kwani kumzuia huufisha moyo wake. Maneno hayo tumeyasomesha mara nyingi.

Mpira tumeurudisha, na radhi tumemwomba. Kipande cha kanga kilichochomoza mpirani hatukuuliza ni cha mama wa nani.