Televizio ya Kombe la Dunia: tuhesabu wati mbele ya inchi

Kombe la Dunia linaanza tarehe 11 Juni 2026 kule Mexico, Canada na Marekani: timu 48, mechi 104. Wafanya biashara wa Butembo wanajua hesabu hiyo kutushinda. Makartoni ya televizio yamekwisha kutolewa mbele ya mabutiki, na huku Musienene wachimbaji wenzetu wanaulizana: tununue plazma ao LED? QLED ni kitu gani? Na ile OLED ya watajiri, inazidi zingine na nini?

Ni maulizo mazuri. Lakini kuko ulizo moja linalotangulia, nalo muuzaji hataliuliza kwa fasi yako: mechi hiyo utaitazama saa ngapi, na moto wa wapi?

Wakati iko saa sita ya mchana kule New York, huku kwetu iko saa kumi na mbili ya jioni. Maana yake, mechi karibu zote zitachezwa jua limekwisha kuzama, zingine usiku wa manane, zingine karibu na kucha. Saa hiyo pano ya jua haina kazi. Utakula tu kile batri ilichoweka mchana, na kwenye milima yetu ya Lubero kuna siku ukungu na mvua havitoki mbele ya saa tano.

Basi tuhesabu. Batri ya volti 12 na ampere 50, ikiwa mpya na imejaa, inashika kama wati 600 za saa moja. Lakini batri hizi za kawaida, ukizikausha kupita nusu kila usiku, zinakufa mapema. Kwa hiyo uko na 300 za kutumia. Televizio ya LED ya inchi 32 inakula karibu wati 40. Ongeza ile inayopotea ndani ya konvertisere, hesabu 50: unapata saa sita, ni kusema mechi tatu. Televizio ya zamani yenye mgongo, ile ya inchi 21, inaweza kukula 80 ao zaidi. Hapo mechi ya pili itakatika. Plazma ya inchi 42 inakula 200 na kupita. Hapo kipindi cha pili hautakimaliza. Na bado hatujahesabu dekoda, nayo inaomba wati kumi hivi, wala simu za jirani wanaokuja kuchaji.

Plazma, tuseme wazi, ni kitu kilichokwisha. Panasonic, Samsung na LG waliacha kuzitengeneza kati ya 2013 na 2014. Zile zinazofika huku kama okazio ya Ulaya ni za miaka zaidi ya kumi, na fundi hapati tena kipande cha kubadilisha. Zaidi ya hiyo, ndani ya kioo cha plazma muna gazi, na fasi ya juu kama kwetu, penye hewa ni nyepesi, kuna ambazo zinalia zzzz kama nyuki. Picha yake ilikuwa nzuri, hatukatai. Mwenye kuishi karibu na laini ya umeme, na laini isiyokatika, anaweza kujifurahisha. Wengine tuiache.

LED yenyewe, jina linadanganya kidogo. Ni kioo cha LCD chenye taa ndogo za LED nyuma yake. QLED nayo ni ndugu wa tumbo moja: kioo kile kile, taa nyuma, na rangi zimeongezwa nguvu. Usilipe bei mara mbili kwa ajili ya herufi moja. OLED njo iko tofauti kweli, kila nukta inawaka yenyewe, hakuna taa nyuma, giza yake ni giza kabisa. Lakini bei yake ni ya juu, alama ya chaneli ikikaa fasi moja miezi na miezi inaweza kubaki imechorwa kwenye kioo, na kioo kikikufa, ni televizio nzima imekwenda. Kwa LED, zile taa za nyuma fundi wa Butembo anaweza kuzibadilisha.

Kwa familia isiyo na laini, maoni yetu ni haya: LED ya inchi 24, ile inayokubali volti 12 moja kwa moja bila konvertisere. Nyingi zinakula karibu wati 20. Ni ndogo, ndiyo. Lakini itafika mwisho wa mechi, na taa ya watoto kusoma itabaki inawaka.

Sasa tuguse neno linalotuuma sisi wa sendika. Ndani ya kioo hicho, LED ao OLED, muna bati: bati limeyeyushwa kushikanisha vipande, na bati lingine limechanganywa na indium na kupakwa kwenye kioo, jembamba mpaka mwangaza unapita. Bati linatoka kwenye kasiterite, na kasiterite wenzetu wa Walikale wanaichimba. Dhahabu pia iko ndani, kidogo kidogo. Vitu vyetu vinarudi kwetu ndani ya kartoni, na tunavinunua namna gani? Mara nyingi kwa avansi. Mnunuzi wa dhahabu anakupa televizio leo, hakuombi franka, anakuomba tu umuletee yeye peke yake kile utakachopata. Kisha njo yeye anapima, njo yeye anataja bei. Kila gramu inakatwa kidogo, na kwa sababu hakuna karatasi, hakuna anayejua deni limeisha siku gani. Mama wa nyumbani, ambaye ataikosa hiyo pesa ya chakula na ya shule, hakuulizwa.

Anayelazimika kuchukua kwa deni, aombe iandikwe: bei ya televizio kwa dola, bei ya gramu ya siku ile, na mwisho wa deni. Mnunuzi akikataa kuandika, amekwisha kukujibu.

Na pale butiki, geuza televizio nyuma. Kuna karatasi ndogo imebandikwa, wati zimeandikwa hapo. Ikiwa imebanduliwa, uliza kwa nini. Iwashwe mbele yako nusu saa. Dai fakture na garanti. Kwenye moto, ibebwe imesimama, kamwe isilazwe, kioo ni chepesi. Ukifika, punguza mwangaza: itakula wati kidogo na taa za nyuma zitaishi siku nyingi. Na siku moja ukisikia sauti lakini kioo cheusi, usiitupe. Mulika kioo na tochi kwa karibu. Ukiona watu wanatembea ndani kama kivuli, ni taa za nyuma tu zimekufa. Mpelekee fundi, na mbele ya kazi akutajie bei.