SIKIO MOJA SI NUSU YA MTU

Yako mambo ambayo mtu mwenye masikio mawili mazima hawezi kuyaona kuwa ni dhuluma, kwa sababu hayamgusi. Mojawapo ni huu mtindo wa kuugawa muziki mafungu mawili, fungu moja likapelekwa sikio la kulia na jingine la kushoto, kisha tukaambiwa kuwa hayo ndiyo maendeleo. Mtindo huu unaitwa sterio, nasi tumeupokea pamoja na jina lake bila kuuliza swali. Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu. Nasikia kwa sikio moja tu tangu utoto wangu, na nadhani nina haki ya kuuliza: katika mgawo huu, fungu langu la pili limepelekwa wapi?

Sikio langu la kushoto lilizimwa na matubwitubwi nilipokuwa mtoto mdogo wa shule huku milimani Usambara. Watu huyachekea maradhi haya kwa sababu huvimbisha mashavu, lakini mara mojamoja huua usikivu wa upande mmoja, na ukishakufa haufufuki. Wengine hupoteza sikio kwa usaha usiotibiwa, wengine kwa homa ya uti wa mgongo, wengine kwa kelele za mashine, na wengine kwa kofi. Hili la kofi nalitaja kwa uchungu nikiwa mwalimu. Kanuni zetu za adhabu ya viboko za mwaka 1979 zilitaja kiganja cha mkono na makalio yaliyovikwa nguo. Sikio halikutajwa mahali popote. Hata hivyo tunajua sote ni watoto wangapi walizabwa vibao vya mashavuni wakarudi nyumbani masikio yakivuma.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa namna moja au nyingine. Sisi wenye sikio moja tumo humo, ila ni vigumu kutuona. Hatuna fimbo nyeupe, wala hatuzungumzi kwa lugha ya alama. Tunaitika tukiitwa, mradi tumeitwa kwa upande unaosikia. Tukiitwa kwa upande mwingine tunasemwa kuwa tuna kiburi, na mwenye methali zake hutuongezea kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa nirudi kwenye muziki. Kizazi changu kililelewa na redio. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ukawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Redio zetu zilikuwa za betri, na kila moja ilikuwa na spika moja. Kwa spika hiyo moja tuliwasikia Atomic Jazz na Jamhuri Jazz wa Tanga, tukamsikia Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake pamoja na Morogoro Jazz, na jioni tukasikiliza taarab ya Black Star na Lucky Star, nao wa Tanga pia. Gitaa la solo, gitaa la rithimu, gitaa la besi, tarumbeta, waimbaji na waitikiaji, wote walipita katika tundu moja. Mwenye sikio moja na mwenye masikio mawili waliweza kukaa baraza moja pale Soni au Mlalo, wakala muziki kama watu wanaokula katika sinia moja. Hakuna aliyepewa wali akanyimwa mchuzi.

Msomaji asidhani kuwa napinga elimu. Naijua maana ya masikio mawili, pengine kuliko wale waliojaliwa kuwa nayo. Sauti husafiri kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Ikitoka kulia hufika sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto, kwa tofauti ya muda isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Na kichwa chenyewe huikinga kidogo isifike upande wa pili kwa nguvu ile ile. Kutokana na tofauti hizo ndogo ubongo hujua sauti imetoka wapi. Mwenye sikio moja hana kipimo hicho. Ndiyo maana mimi nikitembea katika barabara ya Mombo hadi Lushoto, yenye kona zisizohesabika, na pikipiki ikapiga honi, husimama kwanza nikageuka kutazama, kwa kuwa sijui kama iko mbele yangu au nyuma. Wenye magari huona ni uzee.

Mwingereza mmoja, mhandisi Alan Blumlein, aliomba hataza ya ufundi wa kunasa sauti kwa njia mbili mwaka 1931, ili msikilizaji aweze kuhisi mahali inapotoka kila sauti. Ulikuwa ufundi wa akili nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 santuri za namna hiyo zikaanza kuuzwa madukani. Hapa ndipo penye jambo ambalo vijana wetu wa leo hawalijui, na ndilo linalonipa nguvu ya kulalamika.

Mafundi wa zamani hao hawakumsahau mtu mwenye spika moja. Mchirizi wa santuri ya sterio ulichorwa kwa namna ambayo sindano ikitikisika kwenda upande na upande huchukua jumla ya sauti zote mbili, na ikitikisika kwenda juu na chini huchukua tofauti yao. Marekani walipoidhinisha utangazaji wa sterio katika masafa ya FM mwaka 1961, walifuata kanuni iyo hiyo: jumla hutangulia, na tofauti husafiri kando yake kwa ajili ya wale wenye mitambo miwili. Kwa hiyo mwenye redio ndogo ya spika moja alipata wimbo mzima, hakupungukiwa na kitu. Tena mitambo mingi ya kupigia santuri ilikuwa na swichi ya mono usoni pake. Ukiibonyeza, pande mbili zinachanganywa kuwa kitu kimoja. Waliokuwa na vingi waliongezewa, na waliokuwa na kimoja hawakunyang'anywa. Huo naukubali kuwa ni ustaarabu.

Kilichoharibu mambo ni hedifoni, hizi spika ndogo za kupachika masikioni, ambazo leo kila kijana anazo. Spika mbili zikiwekwa chumbani, sauti hugonga kuta na dari, na kilichotoka kushoto hatimaye hunifikia kulia, japo kwa udhaifu. Lakini hedifoni ni ukuta. Cha kushoto kinabaki kushoto, na kushoto kwangu ni kaburi. Mara nyingi mwimbaji mkuu, besi na ngoma huwekwa katikati, kwa hiyo nitawasikia. Bali gitaa la pili linalojibizana na la kwanza, waitikiaji, kinanda na kayamba huweza kusukumwa pembeni. Katika santuri za mwanzo za sterio mambo yalikuwa mabaya zaidi: ziko nyimbo za Beatles ambazo waimbaji wamewekwa upande mmoja na vyombo upande mwingine. Kwaya zetu za sauti nne nazo, ambazo milima hii imezipenda tangu enzi za wamisionari, zikirekodiwa kwa kuwagawa waimbaji kulia na kushoto, mwenye sikio moja anaweza kusikiliza wimbo wa ibada uliopungukiwa na sauti mbili.

Ubaya wa wizi huu ni kwamba anayeibiwa hajui. Ukichukua kuku wangu, asubuhi nitaona banda li tupu. Ukichukua gitaa la pili katika wimbo nisioujua, nitasema tu kwamba wimbo huo hauna utamu, kisha nitawadharau waliouimba. Nimewasikia wazee wenzangu wakisema muziki wa siku hizi umepwaya. Wengine wana haki. Lakini nawauliza: je, mmewahi kupima masikio yenu?

Nimefanya kazi ya ukufunzi katika chuo cha ualimu kabla na baada ya kuongoza shule. Zilikuwapo kanda za mazoezi ya kusikiliza lugha, ambamo watu wawili huzungumza, mmoja akisikika kulia na wa pili kushoto. Mwanachuo mmoja alikuwa akifanya vibaya katika zoezi hilo kila mara. Akiulizwa, hujibu maswali yanayomhusu msemaji mmoja tu. Aliandikiwa kuwa ni mvivu na hana usikivu. Siku niliyopewa darasa lile nilimwambia ageuze hedifoni, ya kulia aiweke kushoto. Akajibu maswali yote ya yule msemaji wa pili, na ya yule wa kwanza akashindwa. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa amepewa nusu ya mazungumzo, akatahiniwa kwa mazungumzo mazima. Ni watoto wangapi katika shule zetu wametiwa alama nyekundu kwa kosa la mashine?

Najua majibu nitakayopewa, kwa kuwa nimeyasikia.

Wa kwanza atasema: "Mzee, ongeza sauti." Muuza redio mmoja mjini aliniambia hivyo huku akicheka. Hili ni jibu la hatari. Kuongeza sauti hakuleti kitu ambacho hakikutumwa. Gitaa lililoko kushoto halitahamia kulia hata ukifungulia mpaka mwisho. Utakachofanya ni kulipiga sikio lile moja lililobaki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki. Mwenye masikio mawili akilichezea moja, analo jingine. Mimi nikilichezea hili, nitabaki na ukimya. Kwa hiyo namwambia kila mwenye sikio moja: usitafute nusu iliyopotea kwa kelele. Haimo humo.

Wa pili atasema: "Mono ni mambo ya kale, muziki wa maana ni sterio." Huyo nitamtajia Brian Wilson wa kundi la Beach Boys la Marekani, aliyefariki mwaka 2025. Sikio lake la kulia lilikuwa karibu halisikii kabisa. Mwaka 1966 aliitengeneza santuri iitwayo Pet Sounds katika mono, na hadi leo inahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za muziki wa karne iliyopita. Mtu wa sikio moja aliwafundisha kusikiliza watu wa masikio mawili. Nani basi atuambie kwamba sikio moja ni nusu ya mtu?

Wa tatu ataleta methali: kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli. Lakini sikio si kidole. Sikio moja likipelekewa wimbo mzima linausikia mzima. Linachokosa ni mahali sauti inapotoka, na hilo si jambo dogo. Ila kukosa mahali si sawa na kukosa wimbo.

Wa nne, ambaye ndiye mwenye hoja, ni fundi wa studio. Atasema kwamba pande mbili zikichanganywa ovyo, baadhi ya sauti huuana zenyewe kwa zenyewe na wimbo ukaharibika. Namjibu: hiyo ni kazi yako, uikague. Sikiliza kazi yako kwa spika moja kabla hujaitoa. Ikiwa kitu kimepotea, kirekebishe. Huo si upendeleo kwa viziwi. Simu inayowekwa mezani, redio ya duka, spika moja ya baa, basi ambalo spika zake za upande mmoja zimekufa, wote hao watakushukuru. Tena tazama vijana wawili wanaogawana hedifoni katika kiti cha basi, huyu moja na yule moja, wakitabasamu. Kila mmoja anasikia nusu ya wimbo, na hakuna aliyewaambia.

Basi ninadai nini? Sidai sterio ifutwe. Nadai mambo manne mepesi. Kwanza, swichi ya kuchanganya sauti irudishwe mahali inapoonekana. Simu nyingi za kisasa zinayo, lakini imezikwa ndani ya mipangilio, katika sehemu ya ufikivu, ambapo mzee wa Mtae hatafika bila kushikwa mkono. Muuzaji na amwonyeshe mteja siku ile ile anaponunua. Pili, studio zetu, za dansi, za taarab na za kwaya, zisiwatupe waitikiaji ukingoni kabisa. Tatu, kila mwalimu anayetumia vyombo vya sauti darasani avichanganye kuwa mono, na kabla ya kumwita mtoto mjinga amsemeshe kwa mnong'ono upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Hilo halihitaji fedha ya wizara. Nne, sisi wenyewe tuache kuona haya. Tuseme: sikio langu zuri ni hili, keti upande huu.

Tunayo tangu mwaka 2010 Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na ni sheria njema. Lakini hakuna sheria itakayoingia sebuleni kwako kukuuliza kama babu yako anasikia gitaa la pili. Hilo ni la jirani, la mwana na la mwalimu. Yeyote mwenye masikio mawili na achomoe hedifoni ya upande mmoja leo, asikilize wimbo anaoupenda kuliko zote mpaka mwisho, ahesabu vilivyopungua. Akishahesabu, aitafute swichi ile katika simu ya mzee wake na kuiwasha.