Mwenye Kitabu Si Mwenye Ndoto

Hoja yangu ni fupi. Mtu anayebuni ulimwengu wake kwa ajili ya mchezo wa mezani, akachanganya humo viumbe, uchawi na kanuni alizozikuta katika vitabu vya kampuni, kisha akaucheza na rafiki zake, si mwizi na hadaiwi ruhusa na mtu. Ruhusa huanza kudaiwa pale anapochapa na kuuza maneno, picha au wahusika wa mwenzake. Wanaoufuta mpaka huo, wawe mawakili wa kampuni au wahubiri wa "kila kitu ni bure", wanatudhuru sawasawa.

Mchezo ninaouzungumzia ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu kadhaa huketi mezani. Mmoja husimulia, wengine huvaa uhusika, na dadu huamua nani afaulu na nani aangamie. Msimulizi hutarajiwa kubuni miji, falme na miungu yake mwenyewe. Kumkataza asichanganye ni kumuuzia jembe na kumkataza asilime.

Tena, kampuni yenyewe ilianza kwa kuchota. Matoleo ya awali yalikuwa na "hobbit", viumbe wa J. R. R. Tolkien, wenye haki walipolalamika, jina likageuzwa "halfling", na mchezo ukaendelea. Tolkien naye alichota jina la Gandalf na majina ya vibete wake katika shairi la kale la Kinorse. Nasi tuna Abunuwasi, mshairi wa Baghdad ambaye wasimulizi wetu wa pwani walimfanya mjanja wa ngano zetu. Hakuna aliyeomba kibali. Fasihi yote imekua kwa mkondo huo.

Sheria nayo inalitambua jambo hili. Ibara ya 9(2) ya makubaliano ya TRIPS, yanayoifunga Kenya kama yanavyoifunga Marekani, inasema wazi kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa. Hailindi mawazo, taratibu wala mbinu za utendaji. Kanuni ya kurusha dadu ni utaratibu. Aya inayoieleza ndiyo mali ya mwandishi. Na sheria ya Marekani inapompa mwenye haki mamlaka juu ya uigizaji wa kazi yake, inazungumzia uigizaji wa hadharani. Sebule yenye ndugu na marafiki si hadhara.

Kwa nini basi vijana wanaogopa? Kwa sababu hofu ina faida kwa mtu. Mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast, iliyokuwa imeununua mchezo huo, ilitoa leseni huria iliyowaruhusu wengine kuchapisha kazi zinazotumia kanuni zake. Wachapishaji wengi walijenga riziki zao juu ya ahadi hiyo. Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ikavuja: ile ya zamani ingebatilishwa, mwenye mapato ya zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka angetozwa hadi asilimia 25 ya kinachozidi, na kampuni ingejipa haki ya kudumu ya kuzitumia kazi za wengine bila kuwalipa. Yaani aliyelalamika kwamba anachotewa, alitaka kuchota bila kikomo.

Wachezaji waligoma. Wengi walisitisha malipo yao ya kila mwezi, na tarehe 27 Januari 2023 kampuni ikasalimu amri: ikaiacha leseni ya zamani na kuziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, isiyoweza kufutwa. Ushindi ule uliletwa na watu waliosoma rasimu neno kwa neno na kukataa kutishwa.

Hata hivyo, upande wa pili nao usikilize. Anayenakili kurasa za kitabu kilichoandikwa kwa jasho, akabandika jina lake na kukiuza, si mpigania uhuru. Ni mnyonyaji mdogo anayemwiga mkubwa. Joka halina mwenyewe. Picha ya joka iliyochorwa na msanii fulani ina mwenyewe, na huyo anahitaji kula.

Wanafunzi, bunini bila kuomba radhi; mtakapotaka kuuza, ondoeni majina na maneno ya wenzenu, mtaje mlikochota, msome leseni hadi nukta ya mwisho. Wanaharakati, daini mipaka ya haki kwa sauti ileile mnayodaia haki zenyewe. Nanyi watumishi wa umma mnaoandaa kanuni za hakimiliki, andikeni yanayoruhusiwa kwa uwazi uleule mnaoandikia yanayokatazwa. Raia asiyejua mpaka ulipo huishia kuogopa hata kiwanja chake mwenyewe.