Zamu ya Kwanza au ya Pili? Aulizwe Asiyeweza Kungoja

Yapo maswali madogo ambayo mtu huyajibu haraka kwa ncha ya kalamu, kisha akaja kuyajutia kwa muda mrefu. Mojawapo la maswali hayo niliulizwa Desemba moja, miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikijaza fomu ya safari ya meli ya kitalii itokayo Miami kuelekea visiwa vya Karibea. Fomu ilitaka jina, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya pasipoti. Mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo lisilo na uzito, iliuliza: je, msafiri angependa kula chakula chake cha jioni katika zamu ya kwanza, saa kumi na mbili, au katika zamu ya pili, saa mbili u nusu?

Nilitia alama penye zamu ya pili bila ya kumshauri mtu. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini nilikosea, na kwa nini naamini kwamba kosa hilo linatuhusu sisi walimu na wanafunzi, ijapokuwa wengi wetu huenda tusipande meli ya namna hiyo maishani.

Kwanza yafaa nieleze utaratibu wenyewe. Meli kubwa ya kitalii huweza kubeba abiria elfu mbili, elfu tatu, hata zaidi. Ukumbi wake mkuu wa maakuli hautoshi kuwaketisha wote kwa wakati mmoja. Kwa hivyo abiria hugawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza hula mapema, likaondoka. Meza zikapanguswa na kutandikwa upya. Kisha kundi la pili likaingia. Katika utaratibu wa jadi, kila abiria hupewa meza yake, na meza hiyo huwa ni ile ile kila usiku, pamoja na wahudumu wale wale na majirani wale wale. Maonyesho ya usiku nayo hupangwa kwa kufuata zamu hizo: wanaokula mapema hutazama baadaye, na wanaokula baadaye aghalabu hutazama kwanza. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2000, kampuni ya Norwegian ilipoanzisha mtindo wa kumwachia abiria ale saa aitakayo, kampuni nyingine nyingi zimeongeza hiari ya aina hiyo. Hata hivyo, zamu mbili hazijafutika. Wapo maelfu wanaozipenda kwa sababu ya meza ile moja na nyuso zile zile.

Kila zamu ina watetezi wake. Watetezi wa zamu ya pili husema kwamba meli ikiwa imetia nanga mahali, abiria hupata nafasi ya kutembea mjini hadi jioni, akarudi akaoga na kuvaa bila ya kufukuzana na saa. Husema pia kwamba meza ya zamu ya pili haina mtu wa kuingoja, kwa hivyo mazungumzo hayakatizwi. Watetezi wa zamu ya kwanza nao hujibu kwamba tumbo lililojaa mapema hulala vyema, kwamba watoto hawasinzii juu ya sahani, na kwamba usiku mzima hubaki wazi kwa mambo mengine. Hoja hizi zote ni za haki. Wala sikuandika makala haya ili nitangaze mshindi.

Tatizo langu ni kwamba mimi sikuchagua kwa hoja yoyote kati ya hizo. Nilichagua kwa fahari. Nilidhani kwamba watu wastaarabu hula usiku sana, na kwamba saa kumi na mbili ni saa ya wanafunzi wa bweni.

Mtu wa taaluma yangu hakuwa na udhuru wa kufikiri hivyo, kwa maana historia ya fahari hiyo imeandikwa ndani ya maneno yenyewe. Neno la Kiingereza "dinner" lilitokana na Kifaransa cha kale, nacho kikalirithi kutoka kwa Kilatini, na maana yake ya asili ni kuvunja mfungo. Yaani chakula ambacho leo watu hukivalia tai na gauni refu usiku kilikuwa, kwa asili yake, chamshakinywa! Katika Uingereza ya zamani chakula hicho kililiwa mchana. Katika karne za 18 na 19 watu wa tabaka la juu walizidi kukisogeza mbele, hadi alasiri, hadi jioni, hadi usiku. Mwenye kuamka alfajiri kwenda kazini hakuweza kuwafuata, kwani mwili wake ulidai chakula mapema, na mafuta ya taa au mishumaa iligharimu fedha. Hivyo kuchelewa kula kukawa alama ya cheo. Mtu alionyesha kwamba hana kazi ya kesho asubuhi na kwamba anao uwezo wa kuwasha taa usiku kucha. Mimi, mwana wa Malindi, nilitia alama kwenye fomu kwa kufuata majivuno ya watu nisiowajua, waliokwisha kufa zamani.

Lau ningeliisikiliza lugha yangu mwenyewe, ningelipata shauri jingine. Chakula hiki sisi twakiita chajio, yaani chakula cha jio, na jio ndiyo jioni. Ukimwuliza mama yangu saa ya chajio hatakutajia saa. Atakwambia ni baina ya Magharibi na Isha. Ndivyo alivyotulea, na ndivyo alivyokula maisha yake yote. Simaanishi kwamba asili ya neno ni sheria. Mwanafunzi wa isimu wa mwaka wa kwanza angenicheka. Nasema tu kwamba neno hilo lilikuwa limebeba desturi ya mtu niliyekuwa nikisafiri naye, nami sikulitazama.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi ya dada yangu, ambaye ni muuguzi huko Marekani. Tulikuwa wanne: mama, dada, binti yangu wa miaka kumi na sita, na mimi. Mama ana ugonjwa wa kisukari na hudungwa sindano ya insulini kabla ya kula. Dada aliponiuliza kwa simu nimechagua zamu gani, nikamjibu, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kaka, mama hatoweza kungoja hadi saa hizo." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi ndimi mkubwa, na mimi ndimi niitwaye daktari, ingawa udaktari wangu ni wa irabu na konsonanti. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Usiku wa kwanza tuliingia ukumbini saa mbili u nusu kamili. Wakati huo Malindi ilikuwa ni saa kumi u nusu ya alfajiri. Mama alitazama vijiko vilivyopangwa kama gwaride, akacheka, akasema: "Mwanangu, hiki si chajio. Hiki ni daku." Sote tulicheka. Alikuwa amekwisha kudungwa sindano yake chumbani, kama ilivyo ada yake, kwa kuwa nilimwambia tukifika tu tutakula. Sikujua kwamba kufika si kula. Kwanza tulikaribishwa, kisha tukaletewa orodha ya vyakula, kisha maagizo yakachukuliwa meza baada ya meza. Ilipotimia saa tatu, mezani hapakuwa na kitu ila maji na maua.

Binti yangu ndiye aliyeona. Alisema, "Baba, bibi anatetemeka." Nilipogeuka nikaona jasho limemtoka mama katika ukumbi uliokuwa na baridi. Nilimwuliza neno, naye akanijibu neno lisilohusiana na swali langu. Yeye ambaye hajapata kukosea methali akawa anatafuta jina langu halipati. Dada hakungoja. Aliagiza maji ya machungwa yaliyotiwa sukari, akamnywesha polepole, na mhudumu mmoja akaja mbio na mkate. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa kama mwaka, mama alinitazama na kuniita kwa jina. Sukari ilikuwa imeshuka; kwa rehema za Mungu ikapanda. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Usiku ule ule nilimwendea msimamizi wa ukumbi. Alinieleza kwa upole kwamba zamu ya kwanza ilikuwa imejaa, akaandika jina langu katika orodha ya wanaongoja, na siku ya tatu tukapata meza karibu na mlango wa jikoni. Hadi siku hiyo mama alikuwa akila mapema kule juu, penye ukumbi wa kujipakulia, nasi tukaenda naye. Katika meza yetu mpya tulikuta wazee wawili, mume na mke, waliokuwa walimu kabla ya kustaafu. Jua lilikuwa limekwisha kutua. Mama alikuwa ameshaswali Magharibi, na Isha ilikuwa haijaingia. Saa kumi na mbili ya meli ile iliangukia pale pale alipozoea kula kwao.

Ilikuwa katika zamu hiyo ndipo mama alipouliza swali ambalo mimi nisingeliuliza. Alimwambia dada amtafsirie kijana mhudumu, mtu wa Indonesia: "Muulize, wao hula zamu gani?" Kijana alitabasamu. Akasema hula upesi upesi kabla ya zamu ya kwanza kuingia, au sivyo hungoja hadi zamu ya pili itoke, jambo linalokaribia usiku wa manane. Mama alitikisa kichwa. Tangu hapo alihimiza meza yetu imalize kwa wakati. Alisema kwamba nyuma yetu kuna wenye njaa, na nyuma yao kuna anayepangusa meza.

Sasa niwageukie walimu wenzangu. Shule zetu nyingi za bweni zina bwalo moja na wanafunzi wengi kulizidi. Zamu basi hazikwepeki, na mimi sizilaumu. Swali ni nani huzipanga, na kwa kipimo gani. Niliposoma kidato cha kwanza, desturi ilikuwa kwamba wakubwa hula kwanza na wadogo hula mwisho. Tuliambiwa kwamba hiyo ndiyo nidhamu. Mtoto aliyeamka mapema kuliko wote, mwenye mwili ungali ukikua, ndiye aliyengoja mpaka sufuria ikaribie kukwanguliwa. Katika foleni hiyo huenda alikuwapo mwenye kisukari, au mwenye vidonda vya tumbo, au anayemeza dawa zisizomezwa na tumbo tupu, naye akaona haya kusema. Pale fahari ya kula usiku ndiyo iliyopanga zamu melini mwetu, bwaloni ilipangwa na fahari ya kidato. Ni ugonjwa mmoja.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba jambo hili ni la walimu peke yao. Anayekaa mezani akipiga soga ilhali wenzake wamesimama mlangoni na sahani mkononi amekwisha kufanya uchaguzi. Ametwaa zamu mbili, na mwenzake hana hata moja.

Huenda msomaji akasema kwamba nimekuza jambo dogo, na kwamba dawa ya yote ni kila mtu ale apendapo, kama zifanyavyo meli nyingi siku hizi. Sina ugomvi na hiari hiyo. Lakini ilivyo, wanaokula pamoja ni lazima waafikiane juu ya saa, iwe ni melini, bwaloni au nyumbani. Na palipo na maafikiano, pana anayesikilizwa na pana asiyesikilizwa. Mabaharia wa majahazi ya kwetu walizungukia sinia moja, na mkono wa mkubwa haukutangulia mbali mkono wa mdogo. Hatuwezi kuweka watu elfu tatu penye sinia moja, lakini twaweza kubaki na adabu ya sinia.

Kwa hivyo, anayepanga safari na kuulizwa zamu, sitamwambia achague ya kwanza. Akiwa na rafiki zake vijana wenye afya, wanaotaka kutembea hadi jua lizame, zamu ya pili ni yao na waifurahie. Ninalomwomba ni kwamba kabla ya kutia alama awahesabu anaosafiri nao, amtafute yule asiyeweza kungoja, amwulize yeye kwanza. Zamu ya huyo ndiyo iwe zamu ya wote.

Mama yangu angali hai, alhamdulillahi. Anaposimulia wageni habari za safari ile, huwaeleza bahari ilivyokuwa samawati, vinyago vya barafu, na yule kijana wa Indonesia aliyekuwa akimwita mama. Habari ya usiku wa kwanza hajaisimulia hata siku moja. Huiruka, kisha hunitazama kidogo, akaendelea. Ndiyo sababu nimeona heri niisimulie mimi.